Maneno ya Kiingereza cha kale yameniponza kazini

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni kijana wa miaka 31, nafanya kazi katika ofisi ya wakala wa forodha hapa Dar es Salaam. Nafuatilia makaratasi ya mizigo ya wateja wa Zambia na Kongo, tangu meli inapotia nanga hadi lori linapotoka getini. Kiingereza nilikipata kwa taabu. Kidato cha nne nilipata D, na tangu hapo nimejikongoja nacho hivyo hivyo. Barua pepe zangu nyingi ni za wenzangu, mimi nabadilisha namba ya kontena tu.

Miaka miwili iliyopita babu mzaa mama alifariki. Alikuwa mwalimu tangu enzi za Tanganyika. Wajomba walipogawana vitu, mimi niliangukiwa na sanduku la bati ambalo hakuna aliyelitaka. Ndani mlikuwa na riwaya za Charles Dickens na Jane Austen, tamthilia za Shakespeare, na Kisiwa chenye Hazina cha Kiswahili, jalada lake limeliwa na mende. Pembeni mwa kurasa babu ameandika kwa penseli, vijineno vifupi vya Kiswahili. Mara "mnafiki huyu", mara "maskini", mahali pengine "kama bwana shamba wetu". Tafsiri ya maneno magumu hakuandika hata moja. Hilo lilinisikitisha kidogo, maana ndicho nilichokuwa nakitafuta.

Nikaweka nia. Kila neno nisilolijua naliandika kwenye kaunta buku na maana yake ya Kiswahili mbele yake. Sasa nina kaunta buku tatu, na nimehesabu maneno 1,940. Great Expectations nilikianza Januari, mpaka leo niko sura ya 8. Sura ya kwanza peke yake ilinila wiki mbili, kwa sababu yule mfungwa anamtaka mtoto amletee "wittles". Nilitafuta kwenye kamusi mbili sikuliona. Simu ikanirudishia "whistles", yaani filimbi. Nikaandika filimbi. Mwalimu, nimesoma kurasa nyingi nikisubiri filimbi zilie.

Shida yenyewe ilitokea mwezi uliopita. Mteja wetu mmoja wa Lusaka, mama mtu mzima, alikubali kulipa gharama za ghala ambazo kwa kweli zilitokana na uzembe wetu. Nikaona hapa ndipo pa kutoa kitu kizito kutoka kwenye kaunta buku. Nikamwandikia: "We thank you for your condescension." Nililitoa kwenye Pride and Prejudice, ambako kuna kasisi analitumia kumsifu bibi mmoja tajiri aliyemkaribisha nyumbani kwake. Mama yule hakunijibu. Alimpigia bosi. Bosi akaniita, akaniuliza kwa nini nimemwambia mteja kwamba ana dharau. Tangu siku hiyo wenzangu wananiita "Sir", na asubuhi nikiingia wanasimama na kuinama.

Mke wangu anasema vitabu niwape wauza karanga wafungie. Mimi nakitaka Kiingereza cha juu, kile cha wasomi, lakini sasa naogopa hata kuandika "Dear". Maneno haya ya zamani yana faida, au napoteza muda? Na kama yana faida, niyasomeje?

Mwenye Kaunta Buku Tatu,
Temeke

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba wa babu, hata kama umepita.

Nisikufiche, nimecheka. Nilipofika kwenye filimbi ilibidi niiweke barua chini. Lakini nimecheka kicheko cha mtu aliyepita njia hiyo hiyo. Nilipokuwa msichana wa bweni, shule yetu ilitembelewa na mkaguzi, nami nikachaguliwa kumkaribisha mezani kwa sababu nilisifika kwa kusoma vitabu. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha riwaya kwamba tunamsihi ashiriki nasi "victuals". Nililitamka kama lilivyoandikwa, herufi baada ya herufi, vik-tu-a-lis. Mkaguzi akauliza mara mbili nimesema nini. Neno hilo hutamkwa "vitlz", na maana yake ni chakula. Wali na maharage vilikuwa mezani vinapoa, na mimi nimesimama na neno lisilotaka kunitoka.

Sasa lirudie hilo "vitlz" kwa sauti, halafu mahali pa V weka W. Umeiona filimbi yako? Magwitch, yule mfungwa aliyetoroka, ndivyo anavyosema, na Dickens ameliandika neno kama linavyomtoka mdomoni. Ni sawa na mgeni anayejifunza Kiswahili, akakuta kwenye hadithi mtu anasema "lafiki yangu", kisha akakesha na kamusi akitafuta "lafiki". Mtu yuko matopeni, ana pingu mguuni, amembana mtoto makaburini anataka vitu viwili: tupa ya kukatia chuma na kitu cha kutia tumboni. Ungeendelea kusoma bila kamusi ungelijua neno hilo sura ya 3, yule mtoto, Pip, anapompelekea chakula na yeye anakifakamia. Kamusi ilikuficha jambo ambalo hadithi ilikuwa tayari kukuonyesha. Ukikuta mhusika wa hali ya chini anazungumza na maneno yake hayaeleweki, yasome kwa sauti kwanza. Mara nyingi sikio litayatambua kabla ya jicho.

Tuje kwa mama wa Lusaka.

Kasisi uliyemtaja ni Mr. Collins. Anapomsifu Lady Catherine kwa "condescension" yake, anasema kweli kwa jinsi neno lilivyokuwa likitumika wakati ule. Riwaya hiyo ilichapishwa mwaka 1813, katika Uingereza ambayo watu walipangwa kama ngazi na kila mmoja alijua kipandio chake. Mtu wa juu akishuka, akakuuliza habari za kuku wako na kukupa kiti, alikuwa amekufanyia hisani, na hisani hiyo ilikuwa na jina lake. Baadaye ngazi ile ikaanza kuwachukiza watu, na neno likachukiza pamoja nayo. Leo "condescension" ni ya mtu anayejishusha huku akihakikisha umeona kwamba ameshuka. Mteja wako alilisoma kwa maana ya leo, na alikuwa na haki.

Lakini kuna jambo la pili, na hili kamusi yoyote haitakuambia. Hata mwaka ule wa 1813, Jane Austen alimpa Mr. Collins maneno yale ili sisi tumcheke. Msome tena. Ni mtu anayewahesabia wageni madirisha ya jumba la bibi yule, na hawezi kumaliza sentensi bila kumtaja. Kwa Kiswahili cha vijana wa leo yule ni chawa. Katika kitabu kizima, chenye Elizabeth mwenye ulimi mwepesi na baba yake mwenye kejeli tamu, wewe ulikwenda kuazima neno kwa chawa.

Na si bahati mbaya tu. Waandishi wale walipenda kuwavika wapumbavu maneno makubwa. Yuko Mr. Micawber katika David Copperfield, mtu wa madeni asiyeisha kutarajia mambo mazuri. Huanza sentensi ndefu yenye maneno ya fahari, ikajizungusha hadi yeye mwenyewe akapotea humo, kisha akasema "in short" na kumalizia kwa maneno manne ya kawaida. Kwenye kitabu chako mwenyewe, Joe mhunzi hajui kusoma ila kwa kubahatisha, maneno yake ni ya jikoni na ya karakana, na ndiye mtu Dickens anayemheshimu kuliko wote. Kwa hiyo ukitaka kujua neno linafaa kuazimwa, tazama nani analisema, anamwambia nani, na mwandishi amemsimamisha wapi. Neno la chawa liache kwa chawa.

Ulisema unataka Kiingereza cha juu. Hapo ndipo ninapotofautiana nawe, maana naona umekiweka juu kwa kigezo cha ugumu. Nikuulize neno la sura ya 2. Dada yake Pip anajisifu kwa majirani kwamba amemlea mdogo wake "by hand". Kwenye kaunta buku zako maneno hayo hayamo, naweza kuapa, kwa sababu "hand" unalijua tangu shule ya msingi. Basi siku zile maneno hayo yalimaanisha mtoto aliyekuzwa bila kunyonya, akalishwa kwa kijiko au chupa. Ilikuwa kazi ngumu na dada mtu alistahili sifa. Ila Pip, ambaye shavu lake linaujua vizuri uzito wa mkono ule, anayaelewa kwa namna yake. Hapo pana kicheko na pana machozi, na wewe umepita juu yake ukiwa mbioni kutafuta neno refu.

Maneno mepesi yaliyobadilika ndiyo yanayowaangusha wasomaji, kuliko hayo mazito. Utakapofika karibu na mwisho wa Pride and Prejudice utamkuta Mr. Bennet, baba yake Elizabeth, akimsema mkwewe mpya, kwamba anachekacheka na "makes love to us all". Usifunge kitabu kwa aibu. Zama zile ilikuwa ni kubembeleza kwa maneno matamu, basi. Jane, dada yake Elizabeth, anasifiwa kuwa "candid", na leo tungedhani ni mtu wa kusema ukweli hata ukiuma, kumbe wakati ule ni mtu anayewadhania wenzake mema. "Want" mara nyingi ni kukosa, wala si kutaka. Na kichwa cha kitabu chako chenyewe! Mtu mwenye "expectations" alikuwa mtu anayengojea urithi. Nadhani wajomba walipokuwa wanagawana vitu nawe ulikuwa nazo, mpaka ulipoletewa sanduku la bati.

Usidhani ni Waingereza peke yao. Sisi tuna "bepari". Asili yake ni neno la Kihindi la mfanyabiashara, mtu mwenye duka lake, hana ubaya wowote. Lakini Mwalimu Nyerere alipotafsiri mchezo wa Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venice na kuuita Mabepari wa Venisi, mwaka ulikuwa 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, na kila msomaji alijua bepari ni nani na anafanyiwa nini. Nenda leo Kariakoo ukamwite mwenye duka bepari, uone kama atakushukuru. Na huyo ni mtu wa lugha yako mwenyewe.

Sasa nikupe habari njema, maana umeandika kama mtu asiye na kitu. Wewe kila siku unashika Kiingereza cha kale mikononi na kukipiga muhuri.

Bill of lading, ile hati ya mzigo wa meli. Umewahi kujiuliza hilo "lading" ni nini? Ni kitenzi cha kale kabisa, "lade", kupakia mzigo. Kimekufa karibu kila mahali isipokuwa bandarini na kwenye ndugu yake "laden". Fungua Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Mathayo 11:28, utawakuta walio "heavy laden". Fungua ya Kiswahili, utawakuta "wenye kulemewa na mizigo". Siku utakayokutana na "laden" kwenye riwaya, usikimbilie kaunta buku. Kumbuka kontena la futi 40.

Demareji, ile tozo ya kuchelewesha kontena inayowakosesha usingizi wateja wako, imetoka kwenye Kifaransa cha kale kwa maana ya kukawia. Humo humo mna "demur", ambalo litakutokea kwenye vitabu hivi mara nyingi: mtu ameombwa jambo naye anasita, anatoa kisingizio. Mtu ana-"demur", kontena linalipa demareji, chanzo kimoja. Na "tariff", ile orodha ya ushuru unayoichungulia kila asubuhi, Wazungu waliipata kwa Waarabu, neno la kujulisha. Sisi tulilichukua neno la ukoo huo huo tukalifanya "taarifa". Kwa hiyo unapomwandikia mteja taarifa kuhusu "tariff" umewakutanisha ndugu wawili waliopotezana karne nyingi.

Ndivyo maneno yanavyokaa kichwani, kwa kushikana mikono. Mtu wa Kiswahili hana haja ya kufundishwa hili. Ukijua "kitabu" unalinusa "katibu" na "maktaba" hata kama hakuna aliyekuambia ni ukoo mmoja. Kiingereza nacho kimeazima hivyo hivyo, ila kwa Kilatini, na kwa Kifaransa kilichoingia na watawala wa Kinormani baada ya mwaka 1066. Shika moja, kama lile la Kilatini la kunena, na utalikuta limejificha ndani ya "eloquent" msemaji hodari, "loquacious" mwenye domo, na "soliloquy" mtu anayejisemea peke yake jukwaani. Na utaona kwa nini wana maneno mawili mawili ya jambo moja, la nyumbani na la fahari. "Death" na "decease" wanaishi kama kifo na mauti wanavyoishi kwetu. Hakuna anayekosea kifo na mauti, ila kila Mswahili anajua lipi ni la sokoni na lipi ni la utenzi.

Hiyo hisi ya lipi ni la wapi ndiyo ulikuwa huna ulipomwandikia mama wa Lusaka, na haipatikani kwenye safu mbili za kaunta buku. Fikiria mtu aliyejifunza Kiswahili kwa Biblia peke yake. Anapanda daladala, anamgeukia kondakta na kumwambia, "Amin, amin, nakuambia, nishushe Buguruni." Atashushwa, lakini gari zima litamtazama. Wewe unayaelewa maneno yale, unayapenda, pengine yanakutoa machozi msibani, na hujawahi kuyatumia kulipa nauli. Maneno ya Austen na Dickens yaweke huko kwanza. Yasome, yafurahie, yaelewe. Kuyaandika kwenye barua pepe ya mzigo subiri hadi uwe umeyaona yakitumiwa na watu wa leo, kwenye gazeti au na mteja mwenyewe. Mengi utayaona, maana yako hai: "reluctant", "prudent", "scarcely", "obstinate". Hilo la mwisho Lady Catherine anamtupia Elizabeth usoni kwa hasira, na mpaka leo ni la mtu mkaidi vile vile.

Mengine yaache yapite. Utakutana na "barouche", "phaeton", "chaise", "curricle", "gig", na kila moja umeliandika "gari la farasi", sivyo? Inatosha kuendelea na hadithi. Nyongeza moja tu, kwa kuwa ina raha yake: gari lilikuwa linasema mfuko wa mwenyewe, kama leo. "Gig" ni ya magurudumu mawili na farasi mmoja, kijana wa mjini hujishaua nayo. "Barouche" ni V8 la mkubwa. Ukijua hilo, mtu akifika mlangoni unajua wenyeji watasimama au hawatasimama.

Niseme kuhusu hesabu, kwa kuwa umehesabu. Paul Nation, mtaalamu wa ufundishaji wa lugha huko Wellington, New Zealand, alikadiria mwaka 2006 kwamba kusoma riwaya ya Kiingereza bila msaada kunahitaji kujua familia za maneno 8,000 hadi 9,000 (familia moja ni neno na ndugu zake waliotokana nalo), ili katika kila maneno 100 uwe unayajua 98. Kwa ukurasa wa maneno 300 ina maana maneno sita mageni. Fungua Great Expectations popote, hesabu ukurasa mmoja. Ukipata sita au saba, endelea, kitabu ni chako. Ukipata thelathini, na kwa mwendo wako wa sura nane tangu Januari nahisi ndivyo ilivyo, basi hicho si kitabu cha kusoma sasa. Unachimba kisima kwa kijiko. Kirudishe sandukuni bila aibu, kitakungoja.

Uanze na nini? Umekitaja mwenyewe, kile kilicholiwa na mende. Kisiwa chenye Hazina kilitafsiriwa na Frederick Johnson, bwana yule yule aliyesimamia ile kamusi kubwa ya Kiswahili na Kiingereza ya mwaka 1939. Soma sura kwa Kiswahili kwanza, kisha sura hiyo hiyo kwa Kiingereza. Treasure Island ni ya mwaka 1883, lugha yake ina chumvi ya bahari na mambo yanakwenda mbio. Maneno ya meli yatakutisha, lakini baba yangu alikuwa nahodha Pangani, nami nakuhakikishia kwamba Kiswahili kinayo: omo na tezi, mlingoti na foromali. Wenzako wengi wa bara watayatafuta kwenye kamusi ya Kiswahili pia. Wewe toka nje ya ofisi uulize wazee wa majahazi. Na huna haja ya kununua kitabu. Kwa sababu ya umri wake kinapatikana bure Project Gutenberg, unakipakua kwenye simu kwa bando dogo tu. LibriVox wao wana watu wa kujitolea wanaovisoma kwa sauti. Sikiliza sura uliyokwisha kuisoma ukiwa kwenye foleni ya Mandela, usije ukapatwa na yangu ya mkaguzi. "Colonel" peke yake, ambayo hutamkwa kama "kenel", imewaaibisha watu wazima.

Soma sura nzima bila kusimama, hata kama unaona giza mahali. Penseli mkononi, na usiweke alama zaidi ya tano. Ukimaliza, chagua kati ya hizo zile zilizokuzuia kuelewa mtu anataka nini. Zitakuwa mbili. Hizo ndizo za kuandika, na uandike sentensi yake nzima pamoja na jina la aliyesema. Kisha uandike sentensi yako mwenyewe, ukimsema mtu unayemjua. Ukiandika kwamba mjomba wako ni "obstinate", neno hilo limeshapata uso na kofia, halitatoka tena kichwani. Kaunta buku tatu usizitupe. Zipitie jioni moja kwa kalamu nyekundu, na kila neno unaloweza kukumbuka nani alilisema, libakize. Nakisia utabaki na mia moja hivi, na hao ndio ulionao kweli.

Kwa mama wa Lusaka, usijieleze kwa habari za Jane Austen. Mwandikie hivi: "I used the wrong word. I meant to thank you for your kindness. I am sorry." Sentensi tatu, hakuna neno ambalo hukulijua ukiwa kidato cha kwanza. Mwombe bosi aione kwanza. Wenzako wakikuinamia asubuhi, nawe wapungie mkono kama Lady Catherine. Watachoka.

Mke wako mwambie wauza karanga wangoje kidogo, kwa sababu bado hujasoma kitu kimoja katika sanduku lile. Ulisikitika kwamba babu hakutafsiri maneno magumu. Aliandika "mnafiki huyu". Aliandika "maskini". Alimwona bwana shamba wa kijijini kwenu ndani ya kitabu cha Waingereza. Kaunta buku zako tatu zina maneno 1,940 na hazina mtu hata mmoja, ilhali kingo za vitabu vya babu zimejaa watu. Fungua Pride and Prejudice, sura ya 14, pale Mr. Collins anapoanza kumsifu bibi yake. Tazama pembeni babu ameandika nini, halafu uniandikie. Siamini kama alipaacha patupu.